Je, wajua kwa nini mji wa Alkmaar uligeuza kanisa kuwa nyumba ya mizani?

Ukilitazama jumba la Waag, yaani nyumba ya mizani, mjini Alkmaar, kaskazini mwa Uholanzi, kwa upande mmoja utaapa kuwa ni kanisa. Wala hutakuwa umekosea. Katika karne ya 14 lilikuwa kanisa dogo la Roho Mtakatifu, lenye mahali pa kuwahifadhi wasafiri na maskini. Mwaka 1582 upande wa madhabahu ulibomolewa, ukajengwa uso mpya wenye milango mikubwa, na ndani yakaning'inizwa mizani. Mnara ulifuata mwishoni mwa karne ya 16. Mji ulipata nini hata ukatoa nyumba ya ibada kwa ajili ya kupimia jibini?

Zama hizo mji haukujiwekea mizani ya umma kwa kupenda tu. Ilikuwa haki iliyotolewa na mtawala, nayo ilikuwa na fedha ndani yake, kwani mji wenye haki hiyo uliweza kulazimisha bidhaa za jumla zipite kwenye mizani yake na kutoza ushuru kwa kila mzigo. Mwaka 1573 jeshi la Uhispania liliizingira Alkmaar likashindwa kuiteka, likaondoka tarehe 8 Oktoba. Mwaka 1581 mji ukarudishiwa haki ya mizani, na maandishi ya Kilatini kwenye uso wa jumba bado yanajigamba kwamba ushujaa ndio ulioirudisha haki iliyokuwa imepokonywa.

Ushuru unaeleza kwa nini mji uliitaka mizani. Hauelezi kwa nini mkulima na mfanyabiashara walikubali kusubiri zamu na kulipia. Wao walikuwa na sababu zao. Kwanza, pauni hazikuwa sawa. Pauni ya Amsterdam ilikuwa na gramu 494 hivi, ya Antwerp gramu 470 hivi. Kwa mzigo wa pauni 100 tofauti inafika kilo 2.4, na hapo hakuna aliyeiba. Vipimo vya mita na kilo vilianza kutumika rasmi Uholanzi mwaka 1820 tu. Pili, jibini hukauka. Linavyokaa kwenye rafu ndivyo linavyopoteza maji, kwa hiyo uzito uliopimwa shambani wiki mbili zilizopita si uzito wa leo. Anayeuza angependa ule wa zamani, anayenunua angependa wa kesho. Mizani ya mji ilimaliza ubishi kwa kupima siku ileile, mbele ya wote wawili, na mpimaji asiye na hisa katika mzigo. Mkulima yeyote aliyewahi kufungiwa lumbesa anaelewa thamani ya mtu huyo wa tatu.

Mizani yenyewe ni ya aina ya kale: mhimili mrefu wa chuma unaoning'inia kwa katikati, na kila ncha imebeba jukwaa la mbao. Upande mmoja huwekwa mzigo, upande wa pili mawe ya mizani. Ni chombo rahisi, ila kina njia nyingi za kudanganya hata bila mtu kukusudia. Mikono miwili ikitofautiana urefu kidogo tu, mzigo ulio kwenye mkono mrefu utaonekana mzito kuliko ulivyo. Dawa yake ni kubadilishana: weka mzigo upande wa mawe na mawe upande wa mzigo, kisha upime tena. Majibu yakipishana, mhimili una kasoro. Kamba zikilowa huongeza uzito, jukwaa likibaki na vumbi la jibini nalo huongeza, na mawe yakishikwashikwa miaka mingi hulika. Ndiyo maana mizani husawazishwa ikiwa tupu kabla ya kazi, na ndiyo maana pia ilitundikwa ndani ya nyumba. Uwanjani, upepo ungeyapiga majukwaa na mhimili usingetulia.

Ukitaka kuona kazi hiyo ikifanyika, soko la jibini bado lipo siku za Ijumaa, kuanzia majira ya kuchipua hadi mwezi Septemba. Alfajiri mabonge hupangwa kwa safu uwanjani, kila moja likiwa na kilo 13 na nusu hivi. Saa nne asubuhi kengele hulia. Mkaguzi hulipiga bonge kwa kiganja na kusikiliza, halafu hulidunga kwa chuma chenye mfereji, kama bambo la kukagulia gunia la nafaka, akatoa kipande chembamba cha mviringo. Hukivunja, hukinusa, hukisaga vidoleni, hukionja, huangalia vitundu vimetawanyika vipi, kisha hurudisha kipande cha nje kuziba tundu. Bei ya kilo hupatanwa kwa kupigana viganja: kila ofa na kofi lake, na kofi la mwisho ndilo mkataba.

Hapa ndipo penye werevu wa mpango mzima. Bei imefungwa nje kabla uzito haujajulikana, na uzito unapatikana ndani kwa mtu asiyehusika na bei. Hakuna anayeweza kugeuza kimoja ili kufidia kingine.

Kati ya uwanja na mizani wapo wachukuzi, ambao chama chao huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1593. Wamegawanyika katika vikundi vinne, kila kimoja na rangi yake: nyekundu, kijani, bluu au manjano. Mzigo wa kawaida ni mabonge manane juu ya machela ya mbao yenye kilo 25, jumla kama kilo 130 kwa watu wawili. Uzito huo hubebwa na mikanda ya ngozi inayopita mabegani. Mikono hushika tu. Ugumu uko kwenye mwendo. Wakitembea kawaida, machela huanza kuyumba na mabonge kuteleza, kwa hiyo hukimbia kwa hatua fupi za kukokota, zenye mdundo maalumu. Anayechelewa kazini jina lake huandikwa kwenye ubao wa aibu.

Alkmaar haikuwa peke yake. Amsterdam iligeuza lango la mji la mwaka 1488 kuwa nyumba ya mizani mwaka 1617, baada ya mji kupanuka na kulipita. Gouda ilijenga yake mpya mwaka 1668 kwa mchoro wa Pieter Post. Oudewater ndiyo yenye kisa cha ajabu: watu walioshukiwa uchawi walikwenda kupimwa, kwa kuwa iliaminika mchawi ni mwepesi mno, na walirudi na cheti kwamba uzito wao unalingana na umbo lao.

Viwanda vya jibini vilipokuwa na mizani yao wenyewe, kazi ya nyumba hizi ikaisha. Soko la Ijumaa la Alkmaar sasa ni maonyesho zaidi kuliko biashara, na tangu 1983 ghorofa za Waag zina makumbusho ya jibini. Ukienda, fika kabla ya saa nne na usimame karibu na milango ya jumba. Wengi hujazana kutazama wachukuzi wakikimbia uwanjani, wakakosa kuiona mizani yenyewe.