Gegedu Lipi, na Lilitiwaje Ugonjwa?

Nikisikia kwamba dawa imeokoa gegedu maabara, yaani ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, huuliza kwanza: gegedu lipi, na lilitiwaje ugonjwa?

Kazi yangu ni kukuza tishu za viungo na kuzipa, ndani ya kisahani, ugonjwa wa kusagika kwa viungo, yaani osteoathritisi. Njia nyepesi ni kutenga seli za gegedu, kondrosaiti, na kuziacha zitambae kwenye kitako cha kisahani. Huongezeka upesi, lakini zikishahamishiwa visahani vipya mara chache hubapa, zikaacha kutengeneza kolajeni (protini ya nyuzinyuzi inayoshikilia tishu) ya aina ya pili, ile ya gegedu, na kushika ya aina ya kwanza, ambayo ni ya ngozi na makovu. Mwaka 1982 watafiti Benya na Shaffer walionyesha kwamba seli zilizopotea hivyo hurudia tabia yake zikitiwa ndani ya jeli ya agarosi. Kwa hiyo dawa iliyojaribiwa kwenye seli bapa pekee hainishawishi.

Mimi napenda kipande kizima: cha ng'ombe, au cha mgonjwa aliyebadilishiwa goti na kuridhia tukitumie. Humo seli bado zimezingirwa na kolajeni, pamoja na agrikani, molekuli kubwa ya protini na sukari inayovuta maji na kulipa gegedu uwezo wa kuhimili uzito. Tukitia interleukini-1, protini ya mwili inayochochea uvimbe, seli humwaga vimeng'enya vinavyokata agrikani, na mabaki yake huvujia kwenye majimaji ya lishe. Tunachota majimaji hayo, tunayachanganya na rangi ya bluu, nayo hugeuka zambarau kadiri uharibifu ulivyo. Hadi leo hunisisimua kuuona ugonjwa kwa macho.

Kolajeni hukatika baadaye, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa. Hapo ndipo penye uzito, kwani agrikani inaweza kujengwa tena, ilhali mtandao wa kolajeni ukishavunjika haurudi ulivyokuwa. Majaribio mengi hutia dawa siku ileile ya interleukini. Hiyo ni kinga, na mgonjwa hafiki hospitali siku ile gegedu linapoanza kuumia. Hufika miaka baadaye, goti limeshasagika. Tena kipimo chetu cha kawaida, nanogramu 10 kwa mililita, ni kikubwa mno kuliko kinachopatikana kwenye ute wa goti, ambako huhesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu za elfu za nanogramu. Tunayaharakisha maradhi ya miaka yaishe kwa mwezi.

Na kisahani hakihisi maumivu. Sprifermini, dawa ya majaribio ya kukuza gegedu, iliongeza unene wa gegedu kwa wagonjwa wenyewe, lakini maumivu yao hayakupungua kuliko ya waliopewa dawa bandia ya kulinganishia. Ndiyo sababu sasa nakuza gegedu likiwa bado limeshikana na mfupa wake, pembeni nikiweka kipande cha utando wa kiungo, na dawa naitia uharibifu ukiwa umeshaanza. Vipande vingi huharibika kabla sijapata jibu, lakini jibu linalopatikana humo ndilo ninaloweza kumpelekea daktari.