Je, wajua kwa nini mtawala wa Kijerumani aliwauzia raia sarafu wasizoruhusiwa kuzitumia?

Taleri, sarafu kubwa ya fedha ya Ujerumani ya karne ya 16, ilikuwa na uzito wa takriban gramu 29. Sasa fikiria sarafu moja yenye uzito wa taleri 10: karibu gramu 290, inajaza kiganja. Nani angenunulia mkate? Hakuna, na wala haikutengenezwa kwa ajili ya sokoni.

Mwaka 1574 Julius, mtawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel, dola ya Kijerumani, alianza kutoa sarafu hizi nene ambazo wakusanyaji huziita Juliuslöser. Madini yalitoka katika migodi yake ya milima ya Harz. Raia waliagizwa wazinunue, kila mtu kwa kadiri ya mali yake, wazihifadhi nyumbani na kuzionyesha kwa maofisa kila mwaka. Nchi ikifikwa na shida, zingekuwa akiba ya kutolewa. Ujanja huo unastahili heshima yake: mtawala alikwisha kulipwa, na fedha bado iko karibu, inalindwa bure na walioinunua. Watoza kodi wa leo wangeona wivu.

Kwa kuwa hazikupita mikono mingi, zilizosalia aghalabu hazijachakaa. Julius anaonekana vizuri, amezungukwa na sayari na buruji 12. Lakini usizubae na picha, tafuta tarakimu. Mhuri uleule ulitumika kwa vipande vya unene tofauti, hivyo thamani iligongwa pembeni kwa tarakimu ndogo. Isipolingana na mizani, rudisha pochi mfukoni. Kagua na ukingo pia: alama ya kulehemu maana yake iliwahi kutiwa kikuku, yaani kipete cha kuitundikia, ivaliwe, na bei hushuka; vitundu vidogo au mstari wa kalibu ni dalili ya bandia iliyomiminwa.

Ni adimu, na bei zake mnadani ni za kutisha. Watawala waliofuata, katika karne ya 17, walitoa za kwao kwa fahari na zawadi, baadhi zikiwa na mandhari ya migodi ya Harz. Mwenye mfuko mwembamba aanze na taleri ya kawaida ya Julius huyohuyo, yenye mtu wa mwituni aliyeshika mshumaa. Imeandikwa kwa Kilatini: nikiwatumikia wengine, ninateketea. Sijui wale raia walioshika akiba yake waliyasoma vipi maneno hayo.