Spana za kubeba porini: dhana potofu na ukweli wake

Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi la majivu ya volkano, mawe meusi yenye makali, na makorongo ambayo mvua ikinyesha huko milimani yanajaa ghafla hata kama ulipo jua linawaka. Nimeipita mara nyingi na Land Cruiser zilizobeba wageni, mpishi na mahema. Magari mengi niliyoyakuta yamelala njiani hayakuwa yamekosa spana. Spana zilikuwepo, tena boksi zima. Kilichokosekana ni ile moja iliyohitajika, au jeki inayoweza kuingia chini ya gari tairi likiwa limekaa chini kabisa. Maneno ninayoyasikia gereji na kwenye vituo vya mafuta kuhusu vitu vya kubeba yananiuma, kwa sababu anayeyaamini hulala njaa na watu wake.

Dhana: "Ukiwa na boksi kubwa la spana umemaliza kazi."

Fungua boksi hilo uone. Nusu ya vilivyomo havitagusa gari lako hata siku moja. Toyota nyingi zinazokwenda porini zinafunguka kwa spana za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, basi. Zile spana za inchi ni chuma unachokibeba bure. Ila ukitaka kukaza beringi za tairi la mbele la Land Cruiser, utahitaji soketi kubwa ya milimita 54, na hiyo huikuti kwenye seti ya kawaida. Hukuti pia bomba la kurefushia mkono wa spana, nyundo ya maana, wala waya wa kufungia.

Njia ninayoitumia mimi haina ujanja. Wiki mbili kabla ya safari nafanya sevisi ya gari lenyewe, nyumbani, chini ya mwembe, kwa spana nilizokusudia kubeba na si zaidi. Kila spana iliyofanya kazi naiweka upande wa kulia. Kila nilichokwenda kuazima kwa jirani nakiandika. Jioni, vya kulia vinaingia kwenye mfuko wa turubai, vilivyoandikwa vinanunuliwa, na vilivyobaki vinarudi stoo. Mfuko unakuwa na kilo chache tu, na najua kila kilichomo kwa kupapasa gizani. Njia hii pia inafichua jambo ambalo orodha haiwezi kukuambia: gari lililopita kwa mafundi wengi huwa na bolti za kila aina, na ile 13 uliyodhani huihitaji unaikuta imefungwa kwenye alteneta.

Dhana: "Gari limekuja na jeki na wili spana yake, zinatosha."

Hili lilinifunza jioni moja karibu na mlima Kerimasi. Pancha, tairi la nyuma kushoto. Jeki ikaingia, nikaanza kulegeza nati. Nne zikakubali. Kwenye ya tano spana ikazunguka bila kushika. Nikaisukuma ndani, nikaikanyagia, ikateleza tena na kunichuna vidole. Nikawasha tochi, nikaona: nati mbili zilikuwa za saizi nyingine, kubwa kidogo. Gereji moja ilikuwa imebadilisha stadi mbili pale, zile bolti zinazoingia nati za tairi, na kufunga nati ilizokuwa nazo, na hakuna aliyeniambia. Mimi nami sikuuliza, wala sikulifungua lile tairi kabla ya kuondoka.

Tulikaa pale mpaka saa nne usiku, lilipopita lori la mifugo. Dereva wake, mtu mzima, akashuka na spana yake ya msalaba. Alipomaliza akaitazama yangu chini ya mwanga wa taa za lori.

"Kijana wangu, hii spana umewahi kuifungulia hizi nati?"

"Hapana, mzee."

Hakuongeza neno. Akanipa mkono, akapanda lori lake.

Tangu siku ile, kabla ya kuondoka nalegeza na kukaza nati zote za matairi yote, pamoja na zile zinazoshika tairi la akiba. Wengi wanayasahau matairi ya akiba, na nati zake ndizo zinazoshika kutu kuliko zote.

Jeki nayo ina mambo yake. Ijaribu tairi likiwa halina upepo hata kidogo, maana hapo ekseli imeshuka, na jeki ya chupa iliyoingia vizuri nyumbani inaweza kukataa kuingia. Kwenye mchanga au majivu jeki yenyewe inazama huku gari halinyanyuki, kwa hiyo ubao mnene, wa upana wa sahani ya kulia au zaidi, ni sehemu ya jeki. Usiulaze nyumbani. Zile jeki ndefu za kupandishia kwenye bampa zinapendwa kwa sababu zinanyanyua juu sana, lakini gari linayumba juu yake na mkono wake ukichomoka unavunja taya. Ukiwa nayo, weka jiwe mbele na nyuma ya matairi, na mtu asiingize hata mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Dhana: "Matairi mawili ya akiba, hakuna pancha itakayokusumbua."

Pancha ya tatu haijali kwamba umebeba mawili. Miiba ya migunga na mawe ya huko havitoboi tu, vinachana ubavu. Tairi la tubeless, lisilo na tyubu ndani, lililotobolewa usoni linazibwa kwa dakika chache na zile nyuzi nene za mpira zenye gundi, bila hata kulitoa kwenye gari, kwa hiyo beba nyuzi na vyuma vyake viwili, cha kupanulia tundu na cha kuchomekea. Ubavuni nyuzi hazifai. Ubavu unakunjika kila tairi linapozunguka, na uzi unatoka. Hapo dawa ni tyubu, pamoja na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani mahali palipochanika ili tyubu isichungulie nje. Utaendesha polepole, lakini utafika. Kwa hiyo: tyubu mbili za saizi yako, viraka na gundi (gundi iliyofunguliwa mwaka jana imekauka, ibonyeze uhakikishe), vyuma viwili vya kubandulia tairi, pini za valvu, geji, na kompresa inayokula umeme wa betri. Pampu ya mguu nayo ibebe. Haina fyuzi ya kuungua.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Baadhi ya Land Cruiser za kazi, na malori mengi ya zamani, bado yana rimu za ringi, zile za vipande ambazo pete ya chuma ndiyo inayolishika tairi. Watu wanasema kila dereva anaweza kuifungua porini. Ringi ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua mtu papo hapo. Inapita kama panga. Kabla ya kugusa ringi, toa pini ya valvu, subiri upepo wote uishe, kisha ingiza waya kwenye tundu uhakikishe halikuziba. Ringi iliyopinda au kuliwa na kutu hairudishwi. Wakati wa kujaza, ringi iangalie chini, fungia mnyororo kuzunguka tairi na rimu, tumia mpira mrefu unaojishika wenyewe kwenye valvu, na kaa mbali, pembeni. Ikikaa vibaya usiigonge nyundo kukiwa na upepo ndani, hata kidogo. Toa upepo, anza upya. Kama hukufundishwa na mtu anayeijua kazi hii, beba tairi lililokwisha fungwa na umwachie fundi.

Dhana: "Rejeta ikivuja weka yai au bizari."

Wanaosema hivi hawasemi uongo wote. Yai linaganda kwenye maji ya moto, bizari nayo inavimba, na tundu dogo linaweza kuziba kwa muda. Shida ni kwamba havichagui tundu. Vinaziba pia mirija myembamba ya rejeta na ya hita, na wiki ijayo gari linachemka bila kuvuja popote. Mara nyingi kinachovuja si rejeta bali mpira wake au klampu iliyolegezwa na mtikisiko. Beba mpira wa juu na wa chini wa gari lako, klampu nne, na vipande virefu vya tyubu ya zamani. Mpira uliopasuka kidogo, injini ikishapoa, unafungwa kwa kipande cha tyubu kilichovutwa sawasawa, kisha kifuniko cha rejeta kinakazwa hatua ya kwanza tu ili presha isijae. Utatembea taratibu huku ukiongeza maji.

Na usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Chini ya presha ile maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanafika karibu 120. Ukifungua, presha inatoka na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke.

Maji ya kuongezea ubebe mwenyewe, dumu la lita 20 lisilochanganywa na la kunywa. Niliwahi kumzuia kijana mmoja aliyekuwa anakwenda na ndoo Ziwa Natron. Maji yale ni magadi. Yanakula alumini, na yakikauka yanaacha ukoko kama wa sufuria ya makande, ila huu uko ndani ya injini.

Dawa moja ya kienyeji naitetea kwa moyo wote: kipande cha sabuni ya kufulia. Tangi la dizeli au petroli likipigwa na jiwe na kuanza kutona, isugue na kuikandamiza sabuni pale kwenye ufa. Mafuta hayayeyushi sabuni, kwa hiyo inashika. Zima kila moto karibu, na ukifika mjini tangi litolewe likashughulikiwe.

Kuhusu fyuzi sitasema mengi. Dhana ni kwamba karatasi ya sigara au waya unafanya kazi ileile. Fyuzi imewekwa iungue ili waya zisiungue. Ukiifunga kwa waya, kitakachoungua ni gari. Fyuzi za akiba za kila saizi zinaingia kwenye kasha la kiberiti.

Breki nazo: mafuta ya breki yakipungua, kuna wanaoongeza oili ya injini "mpaka tufike". Oili inavimbisha mipira ya breki, na baada ya hapo mipira yote iliyoguswa ni ya kutupa, na breki zinaweza kukwama au kupotea kwenye mteremko. Beba chupa ndogo iliyofungwa ya mafuta ya breki. Ikishafunguliwa usiitunze kwa safari ya mwakani, maana inanyonya unyevu wa hewani.

Dhana: "Spea mpya kwenye kasha ni spea ya uhakika."

Kasha linaonyesha namba. Halionyeshi kilichomo. Nimeona filta ya dizeli yenye namba sahihi juu na nyuzi za skrubu zisizolingana ndani. Kwa hiyo mimi nageuza mambo. Wakati wa sevisi nafunga fanibelti mpya, na ile ya zamani ambayo bado ni nzima naiweka kwenye mfuko wa akiba. Nina hakika inalingana, kwa sababu imetoka pale pale. Mipira ya rejeta nayo ni vivyo hivyo. Kuna stori ya kufunga soksi ndefu ya kike badala ya belti. Kwenye injini zenye belti moja pana inayozunguka kila kitu, sahau.

Filta za dizeli beba mbili, mpya, zilizojaribiwa kwa mkono. Ukinunua mafuta ya pipa kijijini, maji na uchafu vimekaa chini kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji, na pipa likikaribia kuisha ndivyo unavyopewa. Gari litaanza kumisi kwenye mlima. Faneli yenye chujio inazuia mengi. Injini kama 1HZ, ile ya dizeli ya Land Cruiser, ina pampu ya mkono juu ya filta: ukibadilisha, ibonyeze mpaka iwe ngumu, hewa itoke, ndipo upige stata. Mfundishe na mwenzako, usiwe wewe peke yako unayejua.

Betri ikifa na lori likakusimamia, uliza kwanza. Malori mengi ni volti 24, gari lako huenda ni 12. Watu wanadhani umeme ni umeme, wanaunga waya, na vifaa vya umeme vinaweza kuungua kwa sekunde. Kama lori lina betri mbili za 12, mwenye kujua ataunga kwenye betri moja tu. Usipokuwa na hakika, sukumeni, kama gari ni la gia za mkono.

Na springi mpya? "Tumefunga mpya, tumesahau shida." La. Springi mpya zinakaa baada ya kilomita za mwanzo, na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zinalegea. Zisipokazwa tena, bolti ya katikati inakatika na ekseli inahama. Barabara ya mikunjo kama bati inalegeza kila kitu: keria, shokapu, tamino za betri. Kila jioni, kabla ya chai, nalala chini ya gari na spana ya 19 na tochi, robo saa. Bolti za katikati mbili na yubolti nne za akiba ziko kwenye mfuko.

Dhana ya mwisho, na ndiyo ninayoikuta kila safari: "Spana zikae kwenye keria, hazitatumika sana." Uzito ukiwa juu gari linayumba kwenye kila korongo. Chuma kizito kikae sakafuni, kati ya ekseli mbili, kimefungwa kwa mkanda, kwa sababu boksi lisilofungwa gari likipinduka linarukia vichwa vya watu. Jeki, ubao, wili spana na mfuko wa pancha visiwe chini ya mahema. Usiku ule wa Kerimasi tulishusha vitu vyote kabla hata ya kuifikia jeki, mpishi akishikilia tochi kwa meno, vyombo na magodoro vikiwa vimetapakaa kwenye vumbi. Sasa jeki iko nyuma ya kiti changu. Taa ya kichwani na glavu ziko kwenye mfuko wa mlango, na karibu yake kipande cha sabuni kimefungwa kwenye kitambaa.