Kwa nini gari hudunda masikioni ukifungua dirisha la nyuma

Kazi yangu ni kupima kelele na mitikisiko ya magari, na swali moja huniletwa kwa hofu kila mara: "Nikifungua dirisha la nyuma nikiwa kwenye mwendo, kuna kitu kinadunda mpaka masikio yanauma. Gari limeharibika?" Halijaharibika. Hakuna nati iliyolegea wala mlango usiokaza. Kinachodunda ni hewa yenyewe.

Chukua chupa tupu, pulizia juu ya mdomo wake. Inalia. Hewa ya shingoni inasukumwa ndani, inaibana hewa ya tumboni, nayo inairudisha nje kama springi. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliichambua tabia hiyo katika karne ya 19. Gari lenye dirisha moja wazi ni chupa hiyo hiyo, ila tumbo lake ni kubwa, kama meta 3 za ujazo, kwa hiyo linapumua polepole: mara 15 hadi 20 hivi kwa sekunde. Sikio huanza kusikia mlio karibu na mara 20. Ndiyo maana mdundo huu unauhisi kifuani na kwenye ngoma za masikio kuliko unavyousikia, na humfikia dereva karibu sawasawa na aliyekaa nyuma.

Mpulizaji ni upepo unaopita ubavuni. Ukifika ukingo wa mbele wa dirisha hukosa pa kuegemea, hujikunja kuwa vimbunga vidogo. Kila kimoja hukimbia hadi ukingo wa nyuma na kugonga. Mgongano huo huitikisa hewa ya ndani, na mtikiso huo ndio unaozaa kimbunga kinachofuata. Mwendo ukifika pale vimbunga vinapokwenda sambamba na pumzi ya gari, kila pigo huongezea la kabla yake, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Shinikizo linaweza kupita desibeli 100. Badilisha mwendo, mara nyingi linatoweka.

Madirisha ya mbele hayasumbui sana, kwani kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma huuvuruga upepo kabla haujafika. Magari mapya hudunda zaidi kwa sababu yamezibwa vizuri, hewa haina pa kuvujia.

Kwa hiyo fungua dirisha la pili, hata upana wa vidole viwili tu. Chupa iliyotobolewa hailii. Na ule ukingo mdogo unaoinuka mbele ya dirisha la paa likifunguliwa, tafadhali usiung'oe: umewekwa kuvivunja vimbunga kabla havijajipanga.