720,720: namba isiyokataa kugawanywa

Mwambie mtu ataje namba kubwa inayogawanyika vizuri, na kuna uwezekano mkubwa atataja milioni moja. Zile sifuri sita zinavutia macho. Lakini igawe milioni kwa 3, inabaki 1. Kwa 7, inabaki 1. Kwa 11 na kwa 13, inabaki 1 ile ile.

Sasa chukua 720,720, ambayo ni ndogo kuliko milioni. Igawe kwa 2, kwa 3, kwa 4, endelea hivyo mpaka 16: haibakishi kitu hata mara moja. Tena hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye sifa hii, ukiacha sifuri. Kwa lugha ya darasani, 720,720 ndiyo KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, cha namba zote kuanzia 1 hadi 16.

Siri haiko kwenye ukubwa wake, iko kwenye namba tasa zilizoijenga. Tazama inavyoandikwa: 720, kisha 720 tena. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. (Jaribu na 358,358 kama huamini, itagawanyika kwa zote tatu.) Ile 720 nayo ni 2⁴ × 3² × 5. Ukiziunganisha:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Mstari huo mmoja unakueleza karibu kila kitu. Kipeo cha 5 ni 1, ndiyo maana namba inaishia na sifuri moja tu. Si mraba kamili, kwa sababu 5, 7, 11 na 13 zimejitokeza mara moja moja, hazina wenza.

Hata idadi ya vigawo vyake, yaani namba zinazoigawa bila baki, huhitaji kuitafuta kimoja kimoja. Kila kigawo hutengenezwa kwa kuchagua: utachukua 2 ngapi? Hakuna, moja, mbili, tatu au nne, kwa hiyo njia ni 5. Kwa 3 njia ni tatu. Kwa kila moja ya zile nne zilizobaki, ama unaichukua au unaiacha, njia mbili. Basi 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Milioni moja, ambayo ni 2⁶ × 5⁶, ina vigawo 7 × 7, yaani 49 tu.

Hakuna namba yoyote chini ya 720,720 inayofikisha vigawo 240. Namba zinazowapita hivyo wadogo zao wote kwa wingi wa vigawo ndizo Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizozichambua kwa kina katika makala yake ya mwaka 1915.

Inakwama wapi? Kwenye 17: 17 × 42,395 ni 720,715, kwa hiyo inabaki 5. Ajabu ni kwamba 18 inapita bila shida, maana 18 ni 2 × 3² na vyote vimo tayari. Ukitaka kuiridhisha na 17 pia, huna njia ya mkato, zidisha kwa 17 yenyewe upate 12,252,240. Namba hiyo itakufikisha mpaka 18, kisha 19 itakukwamisha tena.