Barua za Babu Msizipeleke Kwenye Laminesheni

Tarehe 9 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Nyaraka, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1948 ndipo lilipoundwa Baraza la Kimataifa la Nyaraka. Ni msimu ambao sisi wahifadhi wa nyaraka hupokea wanafunzi wengi, na wengi huja na hati za familia walizozitunza kwa mapenzi makubwa na kwa njia zisizofaa.

Laminesheni haihifadhi. Joto huigandisha plastiki kwenye karatasi, na kuibandua baadaye ni kuichana hati yenyewe. Selotepu nayo hugeuka manjano, gundi yake ikazama ndani na kuacha doa lisilotoka. Kipande cha gazeti kisikae pamoja na barua, maana karatasi yake ina tindikali inayohamia kwa jirani. Toeni pini na klipu za chuma kabla hazijashika kutu. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Picha isiyo na majina, wazee wakishaondoka, haina wa kuisemea.

Kuna dhana kwamba ukishapiga picha kwa simu, nakala halisi haina kazi. Si kweli, na tumelisema mara nyingi. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hubanwa, zikapoteza ubora. Skani hati kwa angalau dpi 300 (nukta kwa kila inchi) na picha ndogo kwa 600. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Nakala halisi ibaki mahali pakavu, penye giza, mbali na jiko na dari.

Wala si kila kitu kiko mtandaoni. Sehemu kubwa ya nyaraka bado imo ndani ya makasha, na ndiyo maana hifadhi ya nyaraka ina chumba cha kusomea. Utaratibu haubadiliki sana popote uendapo: unaonyesha kitambulisho, unajiandikisha, unasaini masharti, begi na kalamu ya wino vinabaki nje. Unajaza fomu kwa namba ya jalada kama ilivyo kwenye katalogi, si kwa maelezo ya "zile karatasi za zamani". Jalada hufunguliwa moja kwa wakati, na kurasa hazibadilishwi mpangilio hata ukiona zimekosewa, mwite mhudumu. Kwa karatasi, mikono safi na mikavu inatosha. Glovu za pamba huondoa wepesi wa vidole. Glovu ni za picha na negativu, yaani filamu zilizosafishiwa picha. Anayechana, kuandika juu ya hati au kutoka nayo hufungiwa huduma, na katika nchi nyingi hushtakiwa kwa kosa la jinai lenye faini au kifungo. Baadhi ya majalada ya serikali hufungwa kwa miaka 20 au 30, na yanayohusu afya ya mtu kwa muda mrefu zaidi. Hapo hatumfichi mtu kitu. Tunalinda watu walio hai.

Anayetaka kuikabidhi hifadhi karatasi za familia asizipange upya wala kuchambua "zisizo muhimu" kabla hazijaonwa. Daftari la madeni mara nyingi hueleza maisha ya nyumba kuliko cheti. Mkataba husainiwa na mmiliki au mrithi, nao utaje kama ni zawadi au amana (zinatunzwa tu, bado ni mali ya mwenyewe), nani aruhusiwe kusoma na kuanzia lini, na hakimiliki inabaki kwa nani.