Nani kaipima? Ngazi za sifa na uhakiki wa ubora vyuoni

Juzi baada ya alasiri nilikuwa nimekaa dakani, mtaa wa Langoni hapa Lamu, na mzee mmoja fundi wa majahazi kutoka kijiji cha Matondoni. Mjukuu wake amepata nafasi chuoni, na barua inasema kozi yake ni ya ngazi ya 6. Mzee akaikunja barua, akaniuliza: "Mwalimu, hiyo sita maana yake nini? Na nani kaipima?"

Nimefanya kazi ya uhakiki wa ubora vyuoni kwa miaka mingi. Maswali hayo mawili ndiyo kazi yenyewe, na aghalabu watu huuliza la kwanza wakalisahau la pili.

La kwanza lina jibu katika sheria. Mwaka 2014 Kenya ilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo, yaani vyeti, stashahada na shahada, ikaunda mamlaka ya kuusimamia, KNQA. Mfumo una ngazi 10. Stashahada iko ya 6, shahada ya kwanza ya 7, uzamili ya 9, uzamivu ya 10. Kila ngazi ina maelezo: mwenye sifa hii anajua nini, anaweza kufanya nini, na anaweza kuachiwa jukumu gani bila kusimamiwa. Maelezo hayo ndiyo yenye uzito. Namba peke yake haisemi kitu. Tanzania nayo ina ngazi 10, lakini kule shahada ya kwanza imekaa ya 8. Kijana wetu akivuka Lunga Lunga na shahada yake hajapanda wala hajashuka. Anayeipokea itambidi asome maelezo ya ngazi, asilinganishe tarakimu.

Swali la pili ndilo gumu. Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi, vibaba vinne. Kila mtu sokoni alijua pishi ni kiasi gani, lakini kujua huko hakukumzuia muuzaji mwenye pishi iliyopunguzwa kitako. Alihitajika mtu wa kuikagua pishi yenyewe, na mkono unaoijaza. Mfumo wa ngazi ni kipimo walichokubaliana watu. Uhakiki wa ubora ndio unaotazama kama kilichotiwa ndani kinafika. Kwa vyuo vikuu ukaguzi huo uko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kwa vyuo vya ufundi uko chini ya mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi, TVETA.

Hapa kwetu mkaguzi alitangulia kipimo. Tume ya kwanza ya elimu ya juu iliundwa mwaka 1985, CUE ikarithi kazi yake kwa sheria ya 2012, kisha ndipo sheria ya ngazi ikaja. Kwa hiyo zipo kozi zilizopata ithibati, yaani kibali rasmi cha mkaguzi, kabla ya ngazi kuwapo, zikaja kupachikwa namba baadaye. Ulaya walikwenda njia nyingine. Mawaziri wao walipokutana Bergen, Norwei, mwaka 2005, walipitisha mambo yote mawili katika kikao kimoja: mfumo wa sifa na miongozo ya ubora. Miongozo hiyo iliporekebishwa mwaka 2015, ikasema wazi kwamba kila programu ionyeshe sifa inayotolewa na ngazi yake sahihi katika mfumo wa nchi. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inampa mkaguzi swali la kuuliza. Bila ngazi, mkaguzi huishia kuhesabu viti, vitabu na wahadhiri wenye uzamivu. Vitu hivyo vina maana, lakini havikuambii mwanafunzi ametoka na nini.

Nitaeleza nilichokiona mwenyewe. Chuo kimoja nilikopelekwa kutathmini kilikuwa na mtaala mzuri sana wa shahada. Matokeo ya ujifunzaji yaliandikwa kwa lugha ya ngazi ya 7: mwanafunzi achambue, apime hoja, atoe uamuzi na autetee. Nikaomba karatasi za mitihani ya miaka mitatu. Taja. Orodhesha. Eleza maana ya. Karatasi baada ya karatasi, hakuna swali lililomtaka mtu kuchambua chochote. Namba ya 7 ilikuwa kwenye jalada. Mtihani ulikuwa umekaa chini kabisa, na watahini wa nje, wahadhiri wa vyuo vingine wanaoitwa kuikagua mitihani, walikuwa wametia sahihi kila mwaka. Niliumia kwa ajili ya wale vijana. Walikuwa wamelipa karo ya ngazi ambayo hawakuruhusiwa kuifikia.

Ndiyo maana nikikagua sasa naanzia kwenye mtihani, nikipanda kuelekea mtaala.

Mzee alinisikiliza, kisha akauliza lake: "Na mimi je, niko ngapi?" Amechonga kwa tezo tangu utotoni. Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu kazini, na nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini hapo ndipo uhakiki unapohitajika zaidi. Mhitimu wa chuo ana mtaala, madaftari na mitihani ya kukaguliwa. Mzee huyu ana chombo kilicho majini. Atakayempima lazima awe anajua kuitazama mbao ilivyopindwa, na kalafati ilivyoshindiliwa kati ya mbao na mbao. Akitumwa mtu wa karatasi tupu, atampa ngazi ya chini kwa kuwa hajui kuandika ripoti, au atampa ya juu kwa heshima ya mvi. Hukumu zote mbili zitakuwa za bure.

Kuhusu mjukuu, nilimwambia aende chuoni akaombe kuona ithibati ya kozi ile ile aliyoitiwa, si ya chuo peke yake, kisha aombe na karatasi ya mtihani uliopita, tuisome pamoja. Mzee akaitia barua mfukoni akasema atamtuma Jumatatu.